Kujifunza Subira kwa Karata za Mtu Mmoja: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, kusubiri ni sehemu ya kazi. Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea akishafikisha korosho zake kwenye ghala la chama cha msingi, hubaki na stakabadhi mkononi akingoja mnada upite na malipo yaingie benki. Mvuvi wa Msimbati hungoja kusi itulie ndipo ashushe chombo, na msafiri hungoja barabara ya Dar es Salaam ipitike, kama ilivyokuwa Mei 2024 mvua zilipoikata barabara hiyo upande wa Kilwa. Kipindi hicho cha kungoja huwaponza wengi. Ndicho kipindi ambacho kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, hupita vijijini na bakuli lake, akinunua kwa bei ya kutupa korosho ambazo hazijafika hata mnadani. Sisemi kwamba kila anayemuuzia kangomba amekosa subira, kwa sababu mara nyingi ni njaa au karo ya mtoto inayomsukuma. Lakini wapo pia waliouza kwa sababu tu hawakuwa na zoea la kukaa na jambo lisilokwisha leo.

Zoea hilo halipatikani kwa kuambiwa “subiri.” Hupatikana kwa mazoezi, na mwongozo huu unaeleza zoezi moja la bei nafuu, yaani mchezo wa karata unaochezwa na mtu mmoja. Wengi wameuona kwenye kompyuta za ofisini ukiitwa Solitaire, kwani Microsoft waliuweka ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990, kwa sehemu ili watu wazoee kuvuta vitu kwenye skrini kwa kutumia kipanya. Mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi: michezo ya karata ya mtu mmoja ilijulikana Ulaya ya kaskazini tangu mwishoni mwa karne ya 18. Ninaupendekeza hasa kwa sababu mchezaji hana mpinzani wa kumlaumu wala shahidi wa kumwogopa.

Hatua ya kwanza: Kubaliana na watu wa nyumbani kabla ya kununua karata

Karata zina sifa mbaya kwetu, na sifa hiyo haikutoka hewani. Zimechezwa vijiweni kwa fedha miaka mingi, na kamari ni haramu kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, kama inavyokemewa pia makanisani. Wapo masheikh na wazee wanaozikataa karata hata pasipokuwa na senti mezani, na msimamo wao unastahili heshima. Kama unaishi kwa wazazi wenye msimamo huo, waombe idhini kwanza, na wakikataa, watii, kwa kuwa hakuna subira itakayojengwa juu ya kumficha mama kitu chini ya godoro.

Ukiruhusiwa, weka kanuni moja isiyo na mlango wa nyuma: hakuna dau la aina yoyote, iwe fedha, vocha ya simu au soda. Siku kijana atakapowekeana na kaka yake shilingi mia tano kwamba leo atamaliza mchezo, zoezi litakuwa limekufa, kwa sababu macho yake yatahama kutoka kwenye namna ya kucheza kwenda kwenye kitu atakachopata. Weka pia kipimo cha muda. Mchezo mmoja au miwili baada ya kazi kwisha unatosha, na usiingie katika saa ya swala, ya chakula wala ya masomo.

Hatua ya pili: Tayarisha karata na mahali

Nunua jozi moja ya karata, uziondoe jokari, kisha uhesabu zilizobaki, ambazo lazima ziwe 52. Usiruke kuhesabu, kwa sababu jozi iliyopungua karata moja haiwezi kumalizika, na mchezaji atahangaika bila kujua kwamba alishindwa kabla ya kuanza. Zipo aina nne zenye karata 13 kila moja: kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau, ile yenye alama ya majani matatu, ni nyeusi. Katika kila aina mpangilio huanzia ree yenye herufi A, ukapanda 2 hadi 10, kisha ghulamu (J), malkia (Q) na mfalme (K).

Kwa watu wa pwani, chagua karata za plastiki ukizipata. Karata za karatasi hunywa unyevu wa chumvi na kushikana, hasa wakati wa masika, hata ukivuta moja zinatoka mbili. Kupaka poda kidogo na kuzifuta kwa kitambaa kikavu kunasaidia kwa muda. Upepo nao ni adui wa kweli kwa anayecheza barazani Mikindani au kwenye nyumba yoyote inayotazama bahari. Tandika mkeka nyuma ya ukuta, na uweke kete ya bao juu ya kila safu, kwani komwe ina uzito wa kutosha kuizuia karata isipeperuke na haiikwaruzi.

Hatua ya tatu: Changa na panga

Changa karata vizuri. Gawa jozi katika nusu mbili, uzipachanye, urudie tena na tena. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba kupachanya mara saba hivi ndiko kunakotosha kuuvunja mpangilio wa awali wa karata 52. Saba ni nyingi kwa mtu mwenye haraka, na ni vizuri zoezi lianzie hapo hapo.

Mchezo tutakaoanza nao unaitwa Klondike. Panga safu saba kutoka kushoto kwenda kulia: safu ya kwanza iwe na karata moja, ya pili mbili, hadi ya saba yenye saba. Karata ya juu ya kila safu ilazwe chali, nyingine zote kifudifudi. Zitakuwa karata 28, ambazo 7 zinaonekana na 21 zimejificha. Karata 24 zinazobaki ni akiba, nazo huwekwa kifudifudi pembeni. Juu ya safu acha nafasi nne tupu kwa ajili ya misingi, mmoja kwa kila aina.

Hatua ya nne: Zishike kanuni

Lengo ni kupandisha kila aina kwenye msingi wake, kuanzia ree hadi mfalme. Ndani ya safu saba unapanga kwa kushuka na kwa kubadilisha rangi: juu ya tisa nyeusi unaweza kuweka nane nyekundu tu, na juu ya hiyo saba nyeusi. Fungu lililokwisha kupangika unaweza kulihamisha zima, au kuhamisha sehemu yake. Karata iliyolala kifudifudi ikibaki juu ya safu, unaifunua. Safu ikiwa tupu, anayeruhusiwa kuikalia ni mfalme peke yake, pamoja na karata zilizo juu yake kama zipo.

Akiba kwa anayeanza ifunuliwe karata moja moja, na ipitiwe mara tatu tu. Wengine hufunua tatu tatu na kurudia bila kikomo. Chagua kanuni moja, uiandike, na usiibadilishe katikati ya mchezo.

Hatua ya tano: Cheza kwa utaratibu

Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa zaidi.

Baada ya kupanga, weka mikono magotini na uzisome karata saba zilizo wazi kabla ya kugusa yoyote. Tafuta ree, tafuta mbili, kisha tafuta kila hamisho linalowezekana. Mtu anayeanza karibu kila mara hufanya hamisho la kwanza analoliona, na kwa sababu linaruhusiwa, anadhani ni zuri. Tofauti kati ya jambo linaloruhusiwa na jambo linalofaa ndiyo stadi ya kwanza utakayoipata hapa. Muuzaji wa duka mjini Masasi anayeletewa mzigo kwa mkopo huihitaji stadi hiyo kila wiki.

Chukua mfano huu. Safu ya nne ina saba ya shupaza juu. Safu ya pili ina sita ya kopa, ambayo chini yake kuna karata moja iliyojificha. Safu ya sita ina sita ya uru, na chini yake zimejificha tano. Sita zote mbili zinaweza kukaa juu ya ile saba, lakini nafasi ni moja. Jicho linavutwa na safu ya pili kwa kuwa iko karibu kwisha, na kuimaliza kunafurahisha. Ukikosa mfalme wa kuiweka, hata hivyo, safu tupu haina kazi, ilhali zile tano za safu ya sita zinaendelea kukufunga. Mara nyingi hamisho bora ni kuchukua sita ya uru. Jiulize swali moja kila unapofika njia panda: ni hamisho gani litakalonifunulia kilichojificha kwa wingi zaidi? Karata zilizofichika ndizo zinazokuzuia, na kazi ya nusu ya kwanza ya mchezo ni kuzifunua.

Usikimbilie kupandisha karata kwenye misingi. Ree na mbili pandisha mara moja. Kuanzia tatu kwenda juu, tazama kwanza kama karata hiyo haitahitajika chini kupokea nyingine. Tano nyekundu iliyopandishwa mapema inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki ya kubeba nne nyeusi inayoziba safu nzima. Ni vigumu kwa mwanafunzi kukiacha kitu ambacho tayari ni haki yake kukichukua, na hapo subira huacha kuwa maneno. Mtu aliyezoea kuiacha tano yake chini kwa raundi mbili zaidi ameanza kujizoeza jambo lile lile analohitaji anapokuwa na fedha za msimu mkononi mwezi Desemba huku salfa ya kupulizia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ikihitajika katikati ya mwaka unaofuata.

Vivyo hivyo, usiimalize safu kabla ya kujua ni mfalme yupi ataingia. Ukiwa na wafalme wawili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi, tazama malkia na ghulamu walioko wazi: ukiwa na malkia mweusi na ghulamu mwekundu wanaosubiri, mfalme mwekundu ndiye wa kutangulia.

Fungua akiba pale tu safu zinapokuwa zimekwisha kukupa zilichonacho. Na ukiifungua, kumbuka kilichopita. Katika mzunguko wa kwanza jikumbushe angalau ree na mbili zilizobaki. Wanafunzi wa darasa la tano na kuendelea wanaweza kabisa kufanya hivyo, na walimu watakubali kwamba kukumbuka kwa makusudi ni kipaji kinachokua kwa kutumika.

Hatua ya sita: Cheza kweli hata pasipo anayekuona

Itafika saa ambayo karata moja tu ndiyo inayokuzuia. Iko pale, chini ya nyingine mbili, na ungeweza kuichungulia, kuitoa, au kupitia akiba kwa mara ya nne. Hakuna mtu nyumbani. Hakuna atakayejua.

Naomba usifanye. Nasema hivi nikimaanisha kila neno, kwa sababu sioni thamani yoyote ya mchezo huu kwa anayejidanganya ndani yake. Michezo mingine ina mwamuzi, au ina mwenzako atakayepiga kelele, na kanuni zake zinalindwa kutoka nje. Hapa mlinzi ni wewe peke yako. Mtunza ghala anayepima korosho wakati mwenye mzigo ameondoka, fundi anayechanganya saruji na mchanga kabla mwenye nyumba hajafika, na karani anayeandika hesabu za kikundi usiku, wote wako mahali hapo hapo. Anayejizoeza kuufunga mchezo ulioshindikana bila kuchungulia anaufanya mkono wake uzoee kujizuia.

Ukikwama, fanya hivi. Pitia safu zote saba mara moja zaidi, kutoka kushoto kwenda kulia, ukitaja kwa sauti karata iliyo juu ya kila moja na mahali inapoweza kwenda. Usipopata njia na akiba imekwisha, sema “nimeshindwa,” kusanya karata, andika matokeo, na uinuke. Usianze mchezo mwingine papo hapo kwa ajili ya kulipiza. Tamaa ya kurudisha kilichopotea ndiyo inayowamaliza vijana wetu katika vibanda vya kubeti. Hapa unaweza kujizoeza kuikataa bila kupoteza hata shilingi.

Hatua ya saba: Weka daftari na utenganishe sababu

Daftari la kurasa chache linatosha. Kila baada ya mchezo andika tarehe, umemaliza au hukumaliza, karata ngapi zimebaki zimejificha, na sababu kwa sentensi moja. Sababu ndiyo muhimu. Iandike kwa moja ya namna mbili: “karata zilikataa,” au “nilikosea pale nilipo...”, ukitaja hamisho lenyewe.

Ipo hesabu inayokusaidia kuwa mkweli. Watafiti waliotumia kompyuta wamekadiria kwamba, kwa Klondike ya kufunua tatu tatu na kurudia akiba bila kikomo, kama mchezaji angejua mahali ilipo kila karata, angeweza kumaliza michezo takriban 82 katika kila 100. Maana yake ni kwamba takriban 18 haina njia kabisa, hata kwa anayeona yote. Sisi tusioona humaliza michache zaidi ya hiyo, na kanuni ya kupitia akiba mara tatu nayo hufunga baadhi ya njia. Basi kila ushindwe una uwezekano wa kuwa wako au usiwe wako, na mtu mzima hutafuta kujua ni upi. Mkulima hapangi bei ya mnada, lakini kuanika korosho hadi zikauke vizuri na kuzichambua kwa madaraja ni mikononi mwake. Akichanganya mambo hayo mawili atajilaumu kwa bei na kuilaumu dunia kwa uzembe wake.

Daftari hili lina ndugu mkubwa katika historia ya sayansi. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, mzaliwa wa Lwów aliyehamia Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa na akicheza karata za mtu mmoja. Alijiuliza ni mara ngapi mpangilio wa karata 52 unaweza kumalizika, akaona kwamba kukokotoa kwa kanuni ni kugumu mno, na kwamba njia rahisi ni kucheza mara nyingi na kuhesabu. Wazo hilo alilolijadili na mwanahisabati mwenzake John von Neumann likazaa njia ya hesabu iitwayo Monte Carlo, ambayo hadi leo hutumika katika fizikia na fani nyingine nyingi.

Hatua ya nane: Ongeza michezo miwili

Ukishaizoea Klondike, cheza mchezo wa Saa. Gawa karata zote kifudifudi katika mafungu 13 ya karata nne nne, kumi na mawili kwa duara kama namba za saa na la kumi na tatu katikati. Funua ya katikati, uiweke chini ya fungu la namba yake, kisha funua ya juu ya fungu hilo, na kuendelea. Ghulamu ni 11, malkia ni 12, mfalme hurudi katikati. Mfalme wa nne akitokea, mchezo umekwisha. Hakuna uamuzi hata mmoja wa kufanya, na uwezekano wa kumaliza ni 1 kati ya 13. Uucheze mara chache tu, ili uone jinsi moyo unavyojisifu kwa jambo ambalo hukulifanya.

Kisha geukia FreeCell, mchezo ulioandikwa kwa kompyuta na Paul Alfille mwaka 1978. Karata zote 52 hulazwa chali katika safu nane, nne za mwanzo zikiwa na saba saba na nne za mwisho sita sita, na mchezaji hupewa nafasi nne za kuegesha karata moja moja. Safu hupangwa kwa kushuka na kubadilisha rangi kama kawaida, na safu tupu hupokea karata yoyote. Katika michezo 32,000 ya toleo la kwanza la FreeCell ya Windows, mmoja tu, namba 11982, ndio uliothibitika kuwa haumaliziki. Kwa hiyo ukishindwa FreeCell, karibu kila mara sababu itaandikwa kwa namna ya pili. Ni mchezo mgumu kwa kiburi cha mtu, na ndio unaofundisha kupanga mambo matano mbele.

Kuhusu simu

Programu za karata zipo za bure, na umeme ukikatika jioni simu huwa mwanga na mchezo kwa pamoja. Sizikatazi, ila zina kasoro mbili kwa anayetafuta kujifunza. Ya kwanza ni kitufe cha kurudisha nyuma, kinachofuta kosa kabla halijauma. Kizime, au ujiwekee ahadi ya kutokigusa. Ya pili ni kwamba mchezo mpya huja kwa mguso mmoja, hivyo mtu hucheza hadi usiku wa manane bila kuamua hata mara moja kuendelea. Karata za mkononi hudai uzikusanye na uzichange upya, na katika dakika hizo mbili akili hupata nafasi ya kusema basi. Kwa watoto kuna sababu ya tatu, nayo ni matangazo ya kubeti yanayoweza kujitokeza ndani ya programu za bure.

Ukimfundisha mtoto

Mtoto aanze na mchezo wa Piramidi, wa karata 28 zilizopangwa kwa mistari saba, ambamo huondolewa jozi zinazofikisha 13, na mfalme huondoka peke yake. Unamzoeza kujumlisha kabla ya kumtwika kanuni za rangi. Akishaiweza Klondike, kaa kando yake kwa mchezo mzima na uzuie mkono wako. Wajomba na shangazi wengi hushindwa hapa, wakaelekeza kwa kidole karata ambayo mtoto ameiacha, naye akageuka kuwa mtekelezaji wa mawazo ya mtu mwingine. Mwache aipite. Mchezo ukishafungwa, muulize ni wapi alipokuwa na njia mbili na kwa nini alichagua aliyoichagua, umsikilize hadi mwisho, kisha mwachie daftari aandike mwenyewe.